Diwani Alipolikimbia Jiko

Paka wa Filemon aliitwa Diwani. Jina alipewa na Filemon mwenyewe, akimweleza kila aliyeuliza kwamba mnyama huyu hulala sana, hula vizuri, na haonekani mpaka kuwe na kitu cha kugawana. Alimtoa sokoni Himo akiwa mdogo wa kuenea mfukoni, akapanda naye hadi nyumbani kijijini, na tangu siku hiyo paka hakukanyaga nje. Nje kulikuwa na mbwa wa majirani na bodaboda zinazoteremka barabara ya vumbi bila kujali aliye hai. Ndani kulikuwa na maziwa, magunia ya mahindi yenye panya wa kutosha, na jiko.

Jiko ndilo lilikuwa makao yao wote wawili. Filemon alikuwa mpishi wa mlimani, amewachemshia watalii supu kwenye baridi ya huko juu maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu alishindwa kukaa sebuleni kama wanaume wenzake. Aliweka kigoda chake cha mbao kwenye kona, kati ya friji na ukuta, akawa anashinda hapo akimkosoa mkewe. Ndizi hizi umezitoa mapema, chumvi haijafika, nani alikufundisha kupika mtori wa namna hii. Mkewe, Dominika, alimwambia mara nyingi kwamba mwanaume kushinda jikoni ni aibu, na ipo siku atamtupa nje yeye na kigoda chake. Hakumtupa. Ukweli ni kwamba alikuwa amezoea kupika huku anabishana, na siku Filemon alipokwenda mjini chakula kiliungua.

"Nikifa," Filemon alikuwa akisema, "nizikeni hapo nyuma ya ukuta wa jiko, chini ya parachichi, nisikie mnapika nini."

Watu walicheka. Kisha akafa kweli, asubuhi moja ya mwezi wa sita, amekaa kwenye kigoda, chai mkononi, Diwani mapajani, katikati ya maneno. "Vitunguu, Dominika," alisema, "vitunguu usiviweke kabla ya..." Kikombe kikaanguka.

Dominika hakulia. Kule kwao kifo hakitangazwi kwa simu kwanza. Hutangazwa kwa kilio cha mwenye nyumba, na majirani wakikisikia huacha majembe na kuja mbio kupitia migombani. Safari hii kilio kilipigwa na Lukresia, jirani wa ng'ambo ya mfereji, aliyekuwa amekuja kuazima ungo. Mwenye nyumba alisimama na mwiko mkononi, anamtazama mumewe, anasubiri amalizie habari ya vitunguu. Alisubiri hivyo wakati wa kumwosha, wakati wa misa, na wakati jeneza linateremshwa chini ya parachichi. Macho makavu. Maneno hayakukosekana: wengine wakasema moyo wake ni mgumu, wengine wakauliza kama kweli alimpenda. Ukweli ulikuwa rahisi kuliko maneno yao. Alikuwa amepigwa na butwaa, na butwaa lilikuwa halijamwachia.

Waliochimba kaburi walikuwa wanaume wa ukoo, asubuhi ya maziko, kama ilivyo desturi, na msimamizi alikuwa Martin, mdogo wake marehemu. Ardhi ya hapo ilikuwa laini kwa sababu ya maji ya vyombo yanayomwagika nyuma ya jiko, kwa hiyo kazi ilikwenda haraka. Walimaliza padre hajafika, wakasimika msalaba wa mbao upande wa kichwani, na kwa kuwa udongo ulikuwa mbichi msalaba ukawa unainama, Martin akaukaza kwa nondo moja ndefu yenye wekundu. Watu wakamsifu kwa akili.

Matanga yalipokwisha na wageni kutawanyika, alibaki Dominika na mjukuu wake Zita, mtoto wa miaka minne. Mama yake Zita, Stella, binti pekee wa nyumba ile, alifanya kazi mjini Moshi na kuishi huko huko, mtaa wa Soweto. Alimwacha mtoto ili bibi asikae peke yake, akaahidi kuja kila Jumamosi. Siku Stella alipoondoka, Dominika alilipiga deki jiko lililokuwa limekanyagwa na kijiji kizima, akarudisha vitu mahali pake: kigoda kwenye kona, na bakuli la stili la Diwani sakafuni, limeegemea friji.

Diwani alikuja, mkia juu. Aliinama, akatoa ulimi.

Dominika hakuwahi kusikia paka akitoa sauti kama ile. Diwani aliruka juu usawa wa meza, akaanguka kwa ubavu, manyoya yote yamesimama, akajiburuta, akapiga mlango kwa kichwa na kupotelea chumbani. Maziwa yakatapakaa. Dominika alipomkuta, alikuwa amejibana chini ya kitanda, kwenye kona ya mwisho kabisa, anatetemeka, na alipotaka kumshika alimparura mkono, yeye ambaye tangu atolewe sokoni hakuwahi kutoa kucha isipokuwa kwa panya.

Kuanzia hapo Diwani hakuingia jikoni. Alikuja hadi kizingitini, akasimama na mgongo uliopinda, macho kwenye ile kona ya friji na kigoda, akanguruma kwa sauti nzito isiyolingana na umbo lake. Akiwekewa chakula jikoni, anakaa na njaa. Akibebwa kuingizwa, anajikunja, anakojoa, anatoroka.

Lukresia aliliona hilo alipokuja kurudisha ungo, akauweka chini taratibu.

"Mama Stella," alisema, "huyu paka anamwona."

"Anamwona nani?"

"Unaniuliza mimi? Kigoda ni cha nani?"

Dominika alimwambia aache upuuzi. Lakini jioni ile, sakafu bado ina unyevu, malapa yake yamelowa, alipofungua friji kutoa maziwa ya Zita, kitu kilimgusa. Kilianzia vidoleni, kikapanda, kikamfinya kiwikoni.

Alisimama hapo hapo. Filemon alikuwa na tabia moja. Akitaka mkewe asogee kidogo ili aonje kilichomo sufuriani, hakusema. Alimgusa kiwiko kwa vidole viwili. Miaka yote ya ndoa, kiwiko kile kile.

"Filemon?" Dominika alisema.

Akaligusa friji tena. Kiwiko kikafinywa tena. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu kikombe kianguke, Dominika alicheka. Alifurahi, hakuna neno jingine la kusema. Mwanaume hakuwa amekwenda popote. Alikuwa kwenye kona yake, mkaidi kama zamani, na paka ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua.

Hakumwambia mtu. Alijua wangesema nini. Lakini kila asubuhi alipoamka alifanya kitu kimoja kabla ya kuwasha moto: alikwenda kugusa friji. Akagundua kwamba malapa yakiwa makavu Filemon hana nguvu, na yakilowa anakuja. Siku moja aliyavua kabisa, akamgusa kwa miguu mitupu, na mguso ulikuwa mkali mpaka meno yakagongana. Badala ya kuogopa akamgombeza. "Polepole," alisema, "mimi si kijana mwenzako." Akawa anapika huku anaongea, anaeleza ndizi ni za mgomba upi, anauliza chumvi imefika. Chakula kikaacha kuungua.

Aliyemkera ni Diwani. Kila siku kizingitini, ananguruma.

"Unamkimbia nani?" alimwambia. "Aliyekulea? Aliyekupa maziwa kabla yangu? Shukrani huna."

Akafikia hatua ya kumnyima salamu. Usicheke, ukikaa muda mrefu katika nyumba yenye msiba, kumnunia paka ni jambo la kawaida kabisa.

Zita aliyasikia yote haya, kwa sababu watoto wa miaka minne husikia wasichoambiwa.

"Bibi, unaongea na nani?"

Dominika angeweza kusema naomba, naimba, najisemea. Lakini siku hiyo moyo ulikuwa mwepesi.

"Naongea na babu."

"Yuko wapi?"

"Hapo kwenye friji. Ukimgusa anasalimia."

"Na mimi nimsalimie?"

"Siku nyingine, mama. Sasa hivi amepumzika."

Mtoto akaridhika, au bibi akadhani ameridhika.

Habari ya paka, Lukresia alikwishaipeleka kunakohusika. Jumamosi, Stella akiwa amefika kutoka mjini na Martin amekuja kusalimia, jumuiya nzima ya kanisa iliingia uani na rozari zao, mbele yao katekista na chupa kubwa ya maji ya baraka. Hakuna aliyemwomba Dominika ruhusa. Walisema wamekuja kuisaidia nyumba.

Dominika aliziba mlango wa jiko kwa mwili wake.

"Mnataka kumwombea apumzike," alisema, "au mnataka kumfukuza?"

Stella alimtazama mama yake, akashtuka. Mama hakuwa ameongea kwa ukali namna hiyo msiba mzima.

"Shemeji," Martin alisema kwa upole, "marehemu ana mahali pake. Nimemchimbia mwenyewe."

Wakamsogeza, taratibu, kwa heshima zote. Walisali wakiwa wamesongamana mlangoni, viatu miguuni, hakuna aliyetaka kuikaribia ile kona. Diwani alisimama nyuma ya miguu yao akinguruma, na kila aliponguruma sala ikaongezeka sauti. Katekista hakuwa mtu wa kubana maji. Alinyunyiza kigoda, akanyunyiza friji juu na chini, na yaliyobaki akayamwaga sakafuni kwa ishara ya msalaba. Kisha wakatoka uani kunywa chai, wameridhika, wanaongea kwa sauti za watu waliomaliza kazi ngumu.

Dominika alibaki kizingitini akiliangalia jiko lililolowa. Alijisikia kama amefiwa na mtu wa pili. Stella akamwita apokee chai, akageuka.

Nyuma yake akasikia sauti ndogo, ya adabu.

"Shikamoo babu."

Aligeuka tena. Zita alikuwa amesimama kwenye dimbwi la maji ya baraka, miguu mitupu, mkono umeshika mpini wa friji. Hakulia. Hakuweza. Mwili wote ulikuwa umekakamaa, mdomo wazi bila sauti, vidole vimeng'ang'ania chuma, na macho, macho makubwa yanamtazama bibi yake kumuuliza ni salamu gani hii.

Kufumba na kufumbua, kabla mguu haujanyanyuka, Dominika alijua kila kitu. Filemon aliyekuwa hamruhusu mtu hata kumkemea Zita mbele yake asingeweza kumfanyia hivi. Basi si Filemon. Basi hakuwa Filemon tangu mwanzo, na yeye alijua mahali panapouma akamwonyesha mtoto.

Hakumshika kwa mikono. Mpaka leo hajui nani alimzuia. Alinyakua kigoda, mbao tupu, akamsukuma nacho mtoto begani kwa nguvu zake zote. Vidole vikaachia. Zita akaruka upande, akagonga gunia la mahindi, akalala.

"Umeme," Dominika alisema. Alidhani anapiga kelele, lakini sauti ilikuwa ya kawaida, kama anayeomba chumvi. "Martin, zima umeme."

Martin alikimbilia swichi kubwa. Stella alipita watu wote, akaanguka magotini, akamwinua mwanawe. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu. Alimtikisa, akamwita, akampulizia mdomoni, akamwita tena. Uani vikombe vilikuwa vimenyamaza. Katekista alishika chupa yake tupu kwa mikono miwili na hakujua aiweke wapi. Halafu Zita akakohoa, akavuta hewa kwa mlio, na akalia, na Dominika akakaa chini kwenye maji.

Walimkimbiza hospitali mjini. Alilazwa, akaangaliwa moyo, akafungwa bandeji kiganjani palipochorwa mstari wa kuungua. Daktari alisema atapona. Stella alitoka wodini na kumkuta mama yake kwenye benchi la korido, bado amevaa malapa na khanga iliyolowa.

"Mimi nilijua linauma," Dominika alisema.

"Ulijua nini, mama?"

"Friji. Lilikuwa linanigusa kila siku. Nikadhani ni baba yako. Nikamwambia mtoto."

Stella alikuwa na hasira ambayo haikupata pa kutua, kwa sababu mbele yake aliketi mwanamke aliyeonekana mzee ghafla, anautazama mkono wake mwenyewe kama wa mtu mwingine. Hakumwambia si kosa lako, maana asingeweza kudanganya hapo. Alikaa karibu naye tu, bega kwa bega.

Fundi umeme aliletwa kutoka Himo Jumatatu, siku ambayo Zita aliruhusiwa kutoka. Alikuwa kijana wa maneno mengi, lakini baada ya kulipima friji maneno yalipungua. Akazunguka nyuma ya jiko, akachutama ukutani, akafukua kidogo kwa bisibisi na kuvuta kipande cha waya wa kijani na njano. Kilikuwa kifupi, kimekatwa kwa panga.

"Nani amekata erthi?"

Hakuna aliyemwelewa, akaeleza. Friji hili ni chakavu, alisema, limekuwa likivuja umeme siku nyingi, pengine miaka. Lakini kulikuwa na waya huu, unatoka ndani, unapita chini ya udongo mpaka kwenye chuma kirefu kilichopigiliwa mahali penye unyevu, na umeme wote uliokuwa ukivuja ulikuwa unateremka huko bila kumgusa mtu. Ukikatwa, umeme unabaki kwenye bati la friji, unasubiri wa kumpitia. "Hicho chuma kiko wapi?" aliuliza. "Kina rangi ya shaba, kirefu hivi."

Martin alikuwa amegeuka. Alikuwa anatazama kaburi la kaka yake, hatua chache tu kutoka pale, chini ya parachichi: msalaba wa mbao umesimama wima, umekazwa kwa nondo ndefu yenye wekundu.

"Nilidhani ni masalio ya taa tulizofunga kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga Stella," alisema. "Waya ulipita katikati ya kaburi. Padre alikuwa njiani. Nikaukata. Na chuma nikaona kinafaa."

Wote wakasogea mbele ya msalaba. Filemon alikuwa ametaka kusikia wanapika nini. Kwa kumpa nafasi hiyo walikuwa wamekaribia kumletea mjukuu alale karibu naye.

Martin aliing'oa nondo mwenyewe, akaushikilia msalaba kwa mkono mmoja, machozi yanamtoka na hana mkono wa kuyafutia. Fundi akaipigilia upya penye unyevu upande wa pili wa jiko, akaunga waya, akaingia ndani kurekebisha alichoweza kwenye friji na kusema linunuliwe lingine. Kisha akawasha swichi kubwa.

"Sasa liko salama, mama," alimwambia Dominika. "Lakini kwa kugusa, vaa viatu."

Dominika aliyavua malapa yake.

"Mama, usifanye hivyo," Stella alisema kutoka mlangoni, amembeba Zita mwenye bandeji.

Hakumsikiliza. Alisimama kwa miguu mitupu kwenye sakafu, kando ya kigoda, akaweka kiganja chote juu ya friji. Lilikuwa bati. La baridi kidogo, limechubuka rangi, linanguruma kwa ndani kama friji zote. Akasubiri. Akatembeza mkono mpaka kwenye mpini. Akasubiri tena, kiwiko amekisogeza pembeni kidogo, jinsi alivyokuwa akikisogeza kumpa mtu nafasi ya kuonja.

Kizingitini Diwani alinyoosha shingo. Alinusa sakafu, akaweka mguu mmoja ndani, akaurudisha, akauweka tena. Hakunguruma. Alipita polepole nyuma ya miguu ya Dominika, akanusa kigoda pande zote, akapanda juu yake, akazunguka mara moja na kukaa.

"Hakumaliza kuniambia habari ya vitunguu," Dominika alisema.

Halafu kilio kikaja. Kilitoka mahali ambapo kilikuwa kimekaa tangu asubuhi ile ya kikombe, kikamkunja, kikamwangusha magotini, na kilikuwa kilio kile chenyewe, cha juu, cha mwenye nyumba, kinachovuka migomba na mfereji na kuingia katika nyumba za watu. Fundi alirudi nyuma mpaka ukutani. Zita akaficha uso shingoni mwa mama yake.

Kijiji kikafanya kile ambacho hukifanya siku zote. Watu waliacha majembe, wakaja mbio kupitia migombani, wanaume kutoka upande wa barabara, wanawake kutoka mferejini, Lukresia mbele yao, mikono bado ina unga. Walijaa uani wakihema, wakamwona Stella mlangoni, wakamwona mtoto mikononi mwake yuko hai, na wakazidi kushangaa.

"Ni nani tena?" Lukresia aliuliza. "Stella, nani amefariki?"

Stella aligeuka akamtazama mama yake sakafuni.

"Baba," alisema. "Baba amefariki."

Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyemkumbusha kwamba walikwishamzika. Lukresia alikung'uta unga mikononi, akafunga khanga kiunoni, akaingia jikoni na kuwasha moto wa chai ya wageni.